Logi za Seva ya Programu: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Malalamiko mengi kuhusu seva huanza kwa sentensi moja: "Seva imegoma na logi haionyeshi kitu." Ukifuatilia, mara nyingi unakuta logi (kumbukumbu ya matukio ambayo seva huiandika) imeonyesha kila kitu, ila kwenye faili nyingine, au mistari mia mbili juu ya pale msomaji alipoishia. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kupandisha kiwango hadi DEBUG (kiwango cha logi chenye maelezo mengi), ingawa wengi hukimbilia huko kwanza. Unaanza na maswali matatu: nani anaandika, anaandika wapi, na kosa la kwanza kabisa lilitokea saa ngapi. Asiyeweza kuyajibu hayo akiwasha DEBUG anajiongezea tu mistari asiyoielewa.

Mifano mingi ni ya Tomcat na WildFly, seva mbili za kuendeshea programu za Java, kwenye Linux. Kwa seva nyingine za Java majina ya faili hubadilika, lakini njia ya kufikiri haibadiliki.

## Faili zenyewe

Tomcat huweka logi kwenye saraka ya `logs`, na hapo ndipo mkanganyiko mwingi huzaliwa kwa sababu faili ni nyingi:

- `catalina.out` hupokea chochote ambacho mchakato ungekitoa kwenye skrini.
- `catalina.<tarehe>.log` ni ujumbe wa Tomcat yenyewe: kuwaka, kuzima, kufungua poti.
- `localhost.<tarehe>.log` hubeba makosa ya programu ambayo hayakudakwa na programu yenyewe. Faili hii husahaulika kuliko zote.
- `localhost_access_log.<tarehe>.txt` ni logi ya maombi ya HTTP.

WildFly huandika `standalone/log/server.log`. Payara na GlassFish huandika `domains/domain1/logs/server.log`. WebLogic huweka faili yenye jina la seva ndani ya `servers/<jina>/logs`, chini ya saraka ya domeni. WebSphere Liberty ina `messages.log` pamoja na saraka ya `ffdc`, na WebSphere ya zamani ina `SystemOut.log` na `SystemErr.log`.

Jambo moja zaidi kabla ya dalili. Kuna ngazi mbili za viwango na hazitumii majina yaleyale. Mfumo wa logi uliomo ndani ya Java hutumia SEVERE, WARNING, INFO, CONFIG, FINE, FINER na FINEST. Log4j (maktaba ya logi ya Java) na jamaa zake hutumia ERROR, WARN, INFO, DEBUG na TRACE. Mtu anayetafuta neno ERROR kwenye `catalina.<tarehe>.log` anaweza kutoka mikono mitupu huku faili imejaa SEVERE. Tafuta yote kwa mkupuo mmoja:

```
grep -nE "SEVERE|ERROR|FATAL|Exception" catalina.2025-03-04.log | head
```

Tumia `head`, si `tail`. Unatafuta kosa la kwanza.

## Logi iko kimya: faili ni tupu au imeacha kuandikwa

Unasoma faili isiyo yake. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Mashine moja inaweza kuwa na Tomcat mbili, moja iliyowekwa na kifurushi cha mfumo na nyingine iliyofunguliwa kwa mkono ndani ya `/opt`. Usikisie. Uulize mchakato wenyewe:

```
ps -ef | grep java
lsof -p 4821 | grep -i log
```

Amri ya kwanza inakupa namba ya mchakato, na kwenye mstari huohuo utaona thamani ya `catalina.base` au `jboss.server.base.dir`. Amri ya pili, ukiweka namba yako badala ya 4821, inaorodhesha faili ambazo mchakato umezishika sasa hivi. Kama logi uliyokuwa ukiisoma haimo kwenye orodha hiyo, jibu umelipata.

Kuna hali moja inayowachanganya wengi: `catalina.out` hutengenezwa na `catalina.sh start`. Ukiendesha kwa `catalina.sh run`, kama huduma nyingi za systemd (msimamizi wa huduma wa Linux) na kontena zinavyofanya, faili hiyo haizaliwi kabisa. Maneno yake yamo kwenye `journalctl -u tomcat` au `docker logs`.

Diski imejaa. Endesha `df -h`, kisha `df -i`. Hiyo ya pili huachwa mara nyingi. Diski inaweza kuwa na gigabaiti kadhaa za wazi na bado ikakataa faili mpya kwa sababu idadi ya faili inazoweza kubeba imefika kikomo.

Umiliki wa faili. Kisa hiki hujirudia kila mahali: mtu aliwasha seva kwa mkono akiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) ili "kujaribu tu", faili za siku hiyo zikawa mali ya root, na huduma iliporudi kwa mtumiaji wake wa kawaida ikashindwa kuziandika. Angalia kwa `ls -l`, zima seva, kisha rudisha umiliki:

```
chown -R tomcat:tomcat /opt/tomcat/logs
```

Usitibu kwa `chmod 777`. Logi hubeba majina ya watumiaji, vitambulisho vya vikao na wakati mwingine nywila, kwa hiyo si za kusomwa na kila mtu kwenye mashine.

Maktaba ya logi haikupatikana. Hapa seva inaandika vizuri ila programu yako iko kimya. Programu nyingi huandika kupitia SLF4J, kiungo kati ya programu na maktaba ya logi kama Log4j au Logback. Angalia mistari ya mwanzo kabisa baada ya kuwasha. Ukikuta `Failed to load class org.slf4j.impl.StaticLoggerBinder` (SLF4J 1) au `No SLF4J providers were found` (SLF4J 2), maana yake programu imeamua kutupa kila ujumbe. Ongeza Logback au Log4j kwenye programu, ukihakikisha toleo linaendana na SLF4J uliyo nayo. Kinyume chake pia hutokea: `Class path contains multiple SLF4J bindings`. Hapo kuna maktaba mbili zinazogombea kazi, na iliyoshinda huenda siyo uliyoipangia mipangilio. Ondoa moja.

Kwenye WildFly kuna mlango wa pembeni. Faili ya WAR (kifurushi cha programu ya wavuti ya Java) ikiwa na `logging.properties` yake ndani ya `META-INF` au `WEB-INF/classes`, seva inaweza kuiachia programu ijipangie yenyewe, na ujumbe wake ukaenda kwingine bila kupita `server.log`.

Ulinzi wa mfumo umezuia. Kama umehamisha logi kwenda saraka mpya na kila kitu kinaonekana sawa lakini haiandiki, shuku SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux (`ausearch -m avc -ts recent`), au huduma ya systemd yenye `ProtectSystem=strict` ambayo haijaitaja saraka yako kwenye `ReadWritePaths`.

*Simama hapa* kama dawa pekee unayoiona ni kuzima SELinux kwenye seva ya uzalishaji. Mwite msimamizi wa mfumo. Kuipa saraka lebo inayostahili ni kazi ndogo kwa anayeijua, na kuiacha mashine bila ulinzi ni gharama ya siku zote.

Na kabla hujasema logi ya maombi imekufa, subiri kidogo. Tomcat huikusanya mistari hiyo kwenye bafa (hifadhi ya muda ya memori) na kuimwaga kwa vipindi. Anayejaribu ombi moja na kukodolea macho faili atadhani haliandikwi. Wakati wa majaribio unaweza kuweka `buffered="false"` kwenye `AccessLogValve`.

## Diski imejaa logi, au umefuta faili na nafasi haijarudi

Anza na hili la pili kwa sababu linaudhi zaidi. Umefuta `catalina.out` ya gigabaiti arobaini, `du` inasema saraka ni ndogo, lakini `df` inasisitiza diski imejaa. Zote mbili zinasema kweli. Linux haiachii nafasi ya faili mpaka mchakato wa mwisho unaoishika uiachie, na Java bado inaandika kwenye faili ambayo sasa haina jina.

```
lsof +L1
: > /proc/4821/fd/1
```

Amri ya kwanza inaonyesha faili zilizofutwa ambazo bado zimeshikwa, pamoja na namba ya mchakato na ya fd (namba ambayo mchakato umeipa faili iliyofunguliwa). Ya pili inaimwaga faili hiyo bila kuzima seva. Hakikisha namba zote mbili kabla ya kubonyeza, kwani ukikosea fd utamwaga faili nyingine. Siku nyingine, badala ya kufuta faili iliyo hai, ipunguze: `truncate -s 0 catalina.out`.

Sasa kwa nini imejaa? Kwa mpangilio wa mazoea:

`catalina.out` haina anayeizungusha. Tomcat huanza faili mpya kila siku kwa logi zake zenye tarehe, lakini hii haiigusi. Kazi hiyo ni yako kupitia logrotate, programu ya Linux ya kuzungusha logi:

```
/opt/tomcat/logs/catalina.out {
    daily
    rotate 14
    compress
    missingok
    copytruncate
}
```

`copytruncate` hunakili faili kisha kuikata, na mistari michache inaweza kupotea katikati ya vitendo hivyo viwili. Ni bei ndogo kwa `catalina.out`, ila usiitumie kwa logi za ukaguzi ambazo kila mstari una uzito wa kisheria. Jaribu kwanza kwa `logrotate -d`, ambayo inaeleza itakachofanya bila kukifanya. Ikilalamika kuwa saraka mama ina ruhusa zisizo salama, ongeza mstari wa `su tomcat tomcat` ndani ya mabano hayo.

Cha pili: kuzungusha kupo, kufuta hakupo. Handla (sehemu inayoandika ujumbe kwenye faili au skrini) ya WildFly inayozungusha kwa tarehe huongeza tarehe mwishoni mwa jina na kuendelea. Haifuti za zamani. Logi ya maombi ya Tomcat nayo hubaki milele mpaka uweke `maxDays`. Liberty ndiyo yenye kujihurumia zaidi: kwa kawaida faili hukomea megabaiti 20 na hubakizwa chache tu. Hilo lina ubaya wake, maana kosa la asubuhi linaweza kuwa limeshafutika ifikapo mchana kwenye seva yenye kelele.

Cha tatu: mtu aliwasha DEBUG na akasahau. Cha nne: kosa moja linajirudia mara maelfu kwa dakika. Kulitambua ni rahisi:

```
grep -oE "[A-Za-z.]+(Exception|Error)" server.log | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Kwenye kontena kuna mtego wake. Docker, ikitumia `json-file` kama ilivyokuja, haizungushi logi. Weka `max-size` na `max-file`, kisha uunde kontena upya, kwa sababu mipangilio hiyo haigusi kontena zilizokwisha kuundwa.

*Onyo ambalo halina mjadala:* si kila chenye jina la logi ni cha kufutwa. Logi za miamala za hifadhidata ndizo hifadhidata yenyewe. PostgreSQL toleo la 10, la mwaka 2017, ilibadilisha jina la saraka ya `pg_xlog` kuwa `pg_wal`, na sababu mojawapo ilikuwa watu walioona "log" wakafuta na kuua data yao. Vivyo hivyo `tx-object-store` ndani ya `standalone/data` ya WildFly: imebeba miamala ambayo haijamalizika. Diski ya hifadhidata ikijaa na hujui kila faili ni ya nini, ondoa mkono kwenye kibodi na umtafute msimamizi wa hifadhidata.

## Kosa limeandikwa lakini halieleweki

Java ikishindwa hutoa mlolongo mrefu wa miito, na macho huvutwa na mstari wa kwanza. Mara nyingi mstari huo ni matokeo. Chanzo kiko kwenye `Caused by:` ya mwisho ndani ya mlolongo huohuo. Shuka mpaka hapo, kisha tafuta mstari wa kwanza wenye jina la kifurushi chako mwenyewe, si cha Spring wala cha Tomcat.

Lakini hilo ni ndani ya kosa moja. Kati ya makosa mengi, kanuni inageuka: lenye thamani ni la kwanza kwa wakati. Muunganisho wa hifadhidata ukikatika saa 8:14, kufikia saa 8:20 logi imejaa makosa ya kurasa, vikao na foleni, yote yakiwa watoto wa tukio moja. Anayeanzia mwisho atatibu watoto mpaka jioni.

Haya ndiyo yanayoripotiwa mara kwa mara:

`One or more listeners failed to start. Full details will be found in the appropriate container log file`. Tomcat imekuelekeza lakini haikukutajia jina. Faili inayosemwa ni `localhost.<tarehe>.log`. Fungua hiyo kwa saa ileile.

`Address already in use`. Poti imeshikwa. `ss -ltnp | grep 8080` itakuonyesha na nani. Mara nyingi ni seva yako mwenyewe ya zamani ambayo haikuzima sawasawa.

`UnsupportedClassVersionError`. Programu imejengwa kwa Java mpya kuliko inayoiendesha. Namba zisomwe hivi: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Kabla ya kusakinisha Java nyingine, hakikisha ni ipi seva inaitumia. `java -version` kwenye terminali yako huenda ikawa tofauti na ile ya huduma.

`ClassNotFoundException: javax.servlet...` Uliipandisha programu ya zamani kwenye Tomcat 10 au zaidi. Kuanzia hapo vifurushi vilihama kutoka `javax` kwenda `jakarta`. Rudi Tomcat 9 au hamisha programu. Kuongeza JAR (faili ya maktaba ya Java) ya zamani kwenye `lib` huzaa matatizo mengine.

`Connection is not available, request timed out after 30000ms`. Huyu ni HikariCP, maktaba inayotunza miunganisho ya hifadhidata, na anasema akiba ya miunganisho imekwisha. Idadi yake ya kawaida ni 10, na wengi hukimbilia kuiongeza. Subiri. Kwanza angalia kama hifadhidata iko hai, kisha kama kuna maswali yanayochukua muda mrefu, kisha kama kuna msimbo unaochukua muunganisho na hauurudishi. Weka `leakDetectionThreshold`, na Hikari yenyewe itaandika onyo lenye mlolongo wa miito unaokuonyesha muunganisho uliokawia kurudi ulichukuliwa wapi. Ongeza idadi ukishajua kuwa hakuna uvujaji.

Na kuna kisa kimoja cha kushangaza: `java.lang.NullPointerException` peke yake, bila mstari wowote chini yake. Logi haijaharibika. Kosa lilelile likijirudia mara nyingi mno, Java huacha kutengeneza mlolongo wake ili kuokoa muda. Rudi nyuma kwenye logi mpaka mara za kwanza za kosa hilo, na mlolongo utakuwepo. Kama faili za mwanzo zimeshafutwa, ongeza `-XX:-OmitStackTraceInFastThrow` na uwashe upya.

## Seva imezima yenyewe na hakuna kosa

Tazama mistari ya mwisho. Kama imeandika kuzima kwa utaratibu, kuna aliyeiomba izime: mtu, skripti, systemd au msimbo unaoita `System.exit`. Tatizo halisi ni pale logi inapokatika katikati ya kazi kana kwamba imekatwa kwa mkasi.

Mshukiwa wa kwanza ni kerneli, yaani kiini cha Linux. Memori ya mashine ikiisha, Linux humuua mlaji mkubwa, na Java hapewi hata nafasi ya kuaga. Ndiyo maana huoni kitu kwenye logi ya seva. Ushahidi uko kwingine:

```
journalctl -k | grep -i "killed process"
```

Kwenye kontena, tafuta namba ya kutoka 137, ambayo ni kuuawa kwa nguvu; 143 ni kuombwa kuzima. Kwa Kubernetes tumia `kubectl logs --previous`, kwa sababu bila neno hilo utasoma logi ya kontena mpya isiyojua lolote kuhusu kifo cha ile iliyopita. Tiba ni kupunguza `-Xmx` (kikomo cha memori ya data za Java) au kuongeza memori ya mashine. Kumbuka Java hutumia memori nje ya `-Xmx` pia, kwa nyuzi (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya mchakato), metaspace (eneo la maelezo ya msimbo) na bafa. Kuweka `-Xmx` sawa na kikomo cha kontena ni kuomba iuawe.

Mshukiwa wa pili ni Java yenyewe kuanguka. Tafuta faili ya `hs_err_pid<namba>.log` kwenye saraka ambamo seva iliwashwa. Ukiikuta, *simama*: hiyo ni kazi ya msimamizi wa Java au mtengenezaji wake. Ihifadhi pamoja na toleo kamili la Java. Kubwa unaloweza kufanya kwa usalama ni kuhamia toleo jipya la marekebisho la Java hiyohiyo.

Kuhusu `OutOfMemoryError`, maneno yanayofuata nukta mbili ndiyo yenye maana. `Java heap space` ni data nyingi au uvujaji. `Metaspace` mara nyingi ni kupandisha programu upya mara kwa mara bila kuwasha seva upya. `unable to create native thread` haihusiani na `-Xmx` kabisa: umefika kikomo cha nyuzi cha mfumo, na kuongeza `-Xmx` kutazidisha tatizo. Weka hizi kabla tatizo halijarudi:

```
-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError -XX:HeapDumpPath=/data/dampi
-Xlog:gc*:file=/data/logi/gc.log:time,uptime:filecount=5,filesize=20M
```

Mstari wa pili ni wa Java 9 na kuendelea. Faili ya dampi inaweza kulingana kwa ukubwa na `-Xmx`, kwa hiyo iwekee diski yenye nafasi, na uichunge: ndani yake mna kila kitu kilichokuwa kwenye memori, nywila zikiwemo.

## Seva iko hai lakini imeganda, na logi imesimama

Watu hufungua logi ya maombi kutafuta ombi lililokwama na hawalioni. Hawawezi kuliona. Tomcat huandika mstari ombi *linapokwisha*; lisilokwisha halina mstari. Ukimya wa logi ya maombi huku watumiaji wakilalamika ni ushahidi kwamba maombi yanaingia na hayatoki.

Usiwashe upya kwanza. Kuwasha upya kunaondoa dalili pamoja na ushahidi wake. Chukua picha ya nyuzi mara tatu, kwa nafasi ya sekunde kumi hivi:

```
jstack 4821 > nyuzi1.txt
```

Kama `jstack` haipo, `kill -3 4821` hufanya kazi hiyohiyo na huiandika kwenye `catalina.out`. Licha ya jina lake, haiui mchakato wa Java. Ila hakikisha ni tatu na si tisa. Linganisha picha hizo. Nyuzi zinazobaki kwenye mstari uleule mara zote tatu ndizo zako. Zikiwa zimekaa kwenye `socketRead` kuelekea hifadhidata au huduma ya nje, tatizo liko upande ule, na programu yako haina kikomo cha kusubiri. Zikiwa `BLOCKED`, zinagombea kufuli moja. Aliyelishika yumo humohumo kwenye picha. Java ikigundua nyuzi zinazosubiriana kwa mzunguko, huandika `Found one Java-level deadlock` chini kabisa.

Kwa seva inayokwenda polepole bila kuganda, ongeza muda kwenye logi ya maombi:

```
pattern='%h %t "%r" %s %b %D'
```

`%D` ni muda wa kushughulikia ombi. Kwenye Tomcat 9 ni milisekunde, na kuanzia 10.1 ni mikrosekunde. Usije ukaamka baada ya kupandisha toleo ukadhani seva imekuwa nzito mara elfu.

## Umepandisha kiwango na hakuna kilichobadilika

Ujumbe hupita milango miwili. Loga huutoa, handla huuandika, na kila mmoja ana kiwango chake. Ukifungua mlango mmoja tu, ujumbe unakwama kwenye wa pili. Kwenye WildFly, handla ya skrini huja ikiwa imewekwa INFO, kwa hiyo DEBUG itaonekana kwenye `server.log` na haitaonekana kwenye skrini hata ufanyeje kwa loga.

```
/subsystem=logging/logger=com.mfano.malipo:add(level=DEBUG)
```

Amri hii huandikwa ndani ya `jboss-cli.sh` na hufanya kazi bila kuwasha upya. Usihariri `standalone/configuration/logging.properties` kwa mkono; WildFly huiandika upya yenyewe.

Washa DEBUG kwa kifurushi unachokichunguza, si kwa mzizi wote. Mzizi ukiwa DEBUG, seva yenye watumiaji wengi hupungua kasi kwa kuandika tu, na maktaba za HTTP zinaweza kumwaga vichwa vya maombi pamoja na tokeni zake. Ukimaliza, rudisha. Kama mipangilio yenyewe ndiyo unayoishuku, Logback hujieleza ukiweka `debug="true"` kwenye kipengele chake cha juu, na Log4j 2 ukiwasha kwa `-Dlog4j2.debug`.

## Kero ndogo ndogo

Kila mstari unatokea mara mbili: loga ya mtoto inaandika, kisha inampa mzazi naye anaandika. Weka `additivity="false"` kwenye Log4j au Logback, au `use-parent-handlers="false"` kwenye WildFly. Lakini ukikuta ujumbe uleule ndani ya `catalina.out` na `catalina.<tarehe>.log`, hilo si kosa. Tomcat imepangwa kuandika sehemu zote mbili.

Saa haziwiani kati ya seva mbili: angalia `timedatectl`, kisha tofauti ya saa za eneo kati ya mashine na kontena (kontena nyingi huwa UTC). Ziweke zote UTC, na muundo wa tarehe ubebe tofauti ya saa. Bila hivyo, kufuata tukio kutoka seva moja kwenda nyingine ni kubahatisha.

Wageni wote wana anwani moja ya IP: hiyo ni anwani ya proksi yako. Weka `RemoteIpValve`, na kwenye `AccessLogValve` uongeze `requestAttributesEnabled="true"`.

Herufi zimegeuka alama za kuuliza: andika usimbaji wa UTF-8 kwenye handla yenyewe, usitegemee chaguo la mfumo.

## Mistari ya ajabu

Logi ya maombi ya seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti itakuwa na watu wanaobisha hodi kwa kurasa zisizokuwepo. Zikijibiwa 404, ni kelele. Kinachotakiwa kukusimamisha ni jibu la 200 pale usipolitarajia, faili za JSP (kurasa za wavuti zenye msimbo wa Java) ambazo hukuziweka, au maneno kama `${jndi:ldap://` yakifuatwa na shughuli zisizo za kawaida. Hayo ya mwisho ni alama ya Log4Shell, CVE-2021-44228, udhaifu wa Log4j 2 uliotangazwa Desemba 2021. Hapo kitendo cha kuandika logi chenyewe kiligeuka mlango wa kuingilia. Tafuta `log4j-core` ndani ya programu zako zote, zikiwemo JAR zilizofichwa ndani ya WAR, na upandishe iliyo chini ya 2.17.1.

Ukiona dalili kwamba mtu ameingia, *acha kurekebisha*. Usifute, usiwashe upya, usisafishe. Itenge mashine kwenye mtandao na uite watu wa usalama.

## Unapoikabidhi kazi kwa mtaalamu

Mpe faili nzima ya logi iliyobanwa, si picha ya skrini ya mistari kumi. Iwe inaanzia angalau dakika kumi kabla ya kosa la kwanza. Ongeza matoleo ya seva, Java na mfumo, saa kamili ya tukio pamoja na saa za eneo, na orodha ya kilichobadilishwa siku hiyo hata kama unaamini hakihusiki. Kabla ya kutuma, pitia faili na ufiche nywila, tokeni na data za watu, ukiweka neno lilelile kila mahali pa thamani ileile ili ufuatiliaji usikatike. Kama umeona nywila humo, ibadilishe leo, hata kama faili haijatoka nje ya ofisi.